Maswali ya Mezani: Tazameni Mpira Mweupe

Wiki hii nimechukua maswali ya wachezaji wa pool wa kulipwa tu. Tangu vijana waanze kutazama mechi za nje kwenye simu, kila meza ya Ngamiani hapa Tanga ina bingwa wake wa dunia, na ubishi hauishi mpaka usiku.

Mjomba, shikamoo. Katika wachezaji wote wa duniani wewe unampenda nani, na kwa nini? – Makorora

Marahaba, mwanangu. Nampenda Efren Reyes wa Ufilipino. Kazaliwa 1954, kapelekwa Manila angali mdogo, akafanya kazi kwenye ukumbi wa meza wa mjomba wake, na usiku akilala juu ya meza hizo hizo. Jina lake la utani ni Bata. Kwa lugha ya kwao neno hilo ni mtoto, wala halihusiani na ndege wetu. Palikuwa na Efren mwingine aliyemzidi umri, ndipo yeye akaitwa mdogo.

Sasa kwa nini nampenda. Tafuta fainali ya mwaka 1995 aliyocheza Reno, Marekani, na Earl Strickland. Michezo ni 12 kwa 12, umebaki mmoja wa kuamua. Strickland kamficha: huu ni mchezo wa mipira tisa, lazima uguse kwanza namba ndogo iliyopo, na zamu ni ya namba 5, lakini mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, hauna njia ya kwenda huko. Hapo kijana wetu angefumba macho agonge kwa nguvu zake zote. Reyes aliinama, akaupeleka mweupe ukingo wa kwanza, ukavuka meza hadi ukingo wa pili, ukarudi ukaikuta 5 na kuitumbukiza. Ukumbi mzima ulipiga kelele kwa sababu ya hiyo 5. Mimi kilichoninyanyua kitini ni mpira mweupe, maana uliendelea kubingirika ukasimama pale pale pa kuipigia 6. Akamaliza meza.

Hilo ndilo ninalolisema kila wiki na mnalipita. Mnatazama mpira unaoingia shimoni. Mpira unaoingia umekwisha kazi yake, ila mweupe ndio kwanza unaianza. Mtazame Reyes michezo mitano mfululizo bila kuangalia mashimo, fuata mweupe tu, utauona mchezo mwingine kabisa.

Kati ya Reyes na Strickland nani mkali? – Mikanjuni

Swali hili limekuja mara tatu mwezi huu, na mara zote aliyeuliza hakutaja hata mechi moja aliyoitazama. Mwaka 1996 walikutana Hong Kong, wa kwanza kufika michezo 120 ndiye mshindi. Walicheza siku tatu na Reyes akashinda 120 kwa 117. Watu waliotofautiana michezo mitatu katika zaidi ya mia mbili, wewe unataka nikuamulie kwa neno moja? Tazama kwanza, kisha uniandikie umeona nini.

Kaka, nataka kuvunja, yaani kupiga lile pigo la kwanza la kutawanya mipira, kama Shane Van Boening. Nifanye mazoezi gani ya mkono? – Barabara ya 12

Mkono wako hauna tatizo. Nimekuona ukivunja pale kwenye banda karibu na soko: mipira inaruka mpaka chini na mweupe unaishia shimoni, kisha wenzako wanakushangilia. Mwenye meza hashangilii, kwa sababu kitambaa kikichanika ni yeye anayekilipia.

Van Boening ana nguvu kweli, lakini punguza kasi ya video uone: mweupe unaupiga mpira wa mbele katikati kabisa, unarudi kidogo na kutulia katikati ya meza. Analenga kwanza, nguvu inafuata. Anza kwa nusu ya nguvu zako mpaka mweupe ubaki katikati mara nane kati ya kumi. Ndipo uongeze.

Na kwa kuwa umemtaja, kuna jambo nilitaka kulisema siku nyingi. Huyu bwana alizaliwa na tatizo la kusikia na anatumia kifaa cha masikio. Akikaa mezani anaweza kukizima akabaki peke yake na mipira. Ametwaa US Open, mashindano makubwa ya pool ya Marekani, mara tano, na mwaka 2022 akawa bingwa wa dunia wa mipira tisa. Alilelewa na familia ya wacheza pool, hakuna aliyemfungia ndani. Hapa Tanga ninazijua nyumba ambazo mtoto asiyesikia hatumwi hata dukani. Wazazi, mtoeni mtoto huyo nje. Mpelekeni penye michezo, iwe pool au mwingine wowote.

Joshua Filler anacheza haraka sana na anashinda. Basi wanaotuambia tutulie wanakosea? – Chumbageni

Hawakosei. Filler ameshaisoma meza yote kabla hajainama, ndiyo maana akiinama hana la kusubiri. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2018 akiwa na miaka 21, na raha ya kumtazama ni kwamba fikra zake huzioni, unaona miguu tu ikizunguka meza. Wewe ukienda haraka unaruka hatua ya kusoma. Si kitu kimoja.

Mbona wao hawachezi nyeusi, ule mchezo wa kumalizia na mpira mweusi, kama sisi? – Pongwe

Wanacheza pia, ila mashindano mengi makubwa unayoyaona ni ya mipira tisa: lazima uguse kwanza namba ndogo iliyopo mezani, na anayeitumbukiza 9 kihalali ameshinda. Meza yao ni ya futi tisa, za mabanda yetu nyingi ni futi saba. Ndiyo maana nawaomba msiseme "hata mimi hiyo ningeipiga".

Shikamoo baba. Mimi ni msichana wa chuo. Je, kuna wanawake wa kulipwa wa kuwatazama? Nikisogea mezani wanaume wananiambia nishike chaki ya kupaka fimbo tu. – Raskazone

Marahaba, binti yangu. Wapo, tena wapo wa kukufundisha kuliko wanaume wengi. Anza na Allison Fisher, Mwingereza. Alitawala snuka ya wanawake, mchezo mwingine wa meza na fimbo, kisha mwaka 1995 akahamia Marekani kucheza pool, na amekuwa bingwa wa dunia wa mipira tisa mara nne. Fimbo yake inakwenda na kurudi kama imewekewa reli. Kichwa hakiinuki mpaka mpira umefika. Ukitaka kujua makosa yako yako wapi, mtazame yeye, maana hana mbwembwe za kukupoteza. Baada yake mtafute Kim Ga-young wa Korea Kusini, aliyeuchukua ubingwa huo mwaka 2004 na 2006.

Hao wanaokupa chaki wasikusumbue, wengi wao hawajui hata kuipaka. Linaloniumiza mimi ni kwamba meza zetu karibu zote ziko kwenye baa, kwa hiyo binti akitaka kujifunza lazima apite katikati ya walevi. Mwenye meza mbili akiiweka moja mahali pasipouzwa pombe, mchana, kwa bei ile ile ya mchezo, atapata wateja ambao hajawahi kuwaona. Nimewaambia watatu, wote wamenijibu watafikiria. Naendelea kuwasubiri.

Wakali wote walianza kwa kucheza kwa pesa. Nami nikiweka dau kidogo si nitakomaa haraka? – Usagara

Usicheze kwa pesa.

Najua utanitajia Reyes. Ni kweli, alikulia kwenye meza za dau, na mwaka 1985 alikwenda Marekani akacheza kwa jina la Cesar Morales ili wasimtambue. Lakini yeye unamjua kwa sababu alishinda. Walioshindwa kwenye meza zile za Manila hakuna aliyewarekodi. Mimi nilikuwa na miaka 19 nilipoiweka rehani baiskeli ya baba yangu kwenye meza moja hapa Ngamiani. Nilikosa nyeusi iliyokuwa mdomoni mwa shimo kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka. Baba alikwenda kazini kwa miguu miezi minne na hakuniambia neno. Mpaka leo nikiiona nyeusi mdomoni mwa shimo naisikia ile mikono.

Hofu haikomazi, inakufundisha kupiga huku unatetemeka, na kuiondoa tabia hiyo kulinichukua miaka. Ukitaka kukomaa, weka mipira mitatu mezani, imalize kwa mpangilio uliousema kwa sauti kabla hujapiga. Ukikosa, irudishe yote mahali pake.

Nitazame mechi gani kwanza mwisho wa wiki hii? – Mwahako

Fainali ya US Open ya mwaka 2021, Carlo Biado na Aloysius Yapp. Biado yuko nyuma 3 kwa 8, kisha anashinda michezo kumi mfululizo na kuchukua kombe 13 kwa 8. Itazame yote, usitafute kipande kifupi. Kuanzia pale ilipokuwa 3 kwa 8, hesabu ni mara ngapi mpira wake mweupe unalazimika kusafiri zaidi ya nusu ya meza, uniandikie namba uliyopata.