Oklahoma! ya 2019: kwa nini iligawa watazamaji

Umeuliza kwa nini Oklahoma!, mchezo wa muziki ulioongozwa upya na Daniel Fish, iliwaudhi baadhi ya watu wakati maneno na nyimbo ni zilezile za toleo la kwanza la 1943. Ni kweli, maneno hayakuguswa sana. Kilichobadilika ni kila kinachoyazunguka.

Okestra ya takriban wapigaji 28 ilipunguzwa hadi 7, wakiwa na banjo, mandolini na gitaa la umeme. Aliyezoea sauti ya fidla nyingi ikijaa ukumbi atahisi amepunjwa. Taa za ukumbini ziliachwa zikiwaka muda mrefu, kisha mchunga ng'ombe Curly alipomfuata chumbani kwake Jud, kibarua wa shambani anayempenda msichana yuleyule, Laurey, giza totoro.

Wengi walikwama kwenye ngoma inayoonyesha ndoto ya Laurey. Ile ya 1943, iliyotungwa na Agnes de Mille, ilifunga sehemu ya kwanza na kueleza hofu ya Laurey waziwazi. Ya Fish ilifungua sehemu ya pili kwa mchezaji mmoja na gitaa linalonguruma, bila kueleza chochote.

Halafu mwisho. Zamani Jud aliangukia kisu chake mwenyewe. Hapa Curly anampiga risasi na damu inarukia nguo za harusi yake na Laurey. Kesi ya haraka ya Curly inayofuata, iliyokuwa ya kuchekesha, inakuwa ya kutia kichefuchefu. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora.

Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo New York, watu walikaa kuzunguka jukwaa, wakala chili (mchuzi mzito wenye pilipili) na mkate wa mahindi wakati wa mapumziko. Kwenye kumbi kubwa za ziara, ukaribu huo ulipotea. Ukimwalika mpenzi wa filamu ya Oklahoma! ya 1955 kutazama toleo hili, mwonye mapema kuhusu damu.