Usiweke async ndani ya find, itakudanganya huku inatabasamu

Wakuu wa JavaScript, hii nimeirudia sana nikiriviu kodi za wenzangu mpaka nimeona niiandike tu niwe natuma linki. Mtu ana arei ya majina, anataka la kwanza ambalo halijachukuliwa, na kila jina lazima aulize databesi, basi anachukua find, ile ya kutafuta kitu cha kwanza kinachofaa kwenye arei, anaandika:

const jina = majina.find(async (j) => await likoWazi(j));

Inarun vizuri tu, erori hakuna. Na testi inapita kwasababu kwenye testi jina la kwanza lilikuwa wazi kweli.

Sasa ishu ni kwamba fanksheni yenye async (yaani ya kazi za kusubiri, kama kuuliza databesi) hairudishi true wala false, inarudisha Promise, yaani ahadi kwamba jibu litakuja baadaye, na Promise ni objekti, na objekti yoyote JavaScript inaihesabu kama kweli. find yenyewe haijui kusubiri, imeingia kwenye lugha 2015 wakati async/await zimekuja 2017, ikishikishwa Promise inasema haya tumepata, inakupa wa kwanza. Kila siku wa kwanza. filter, ile ya kuchuja, ndo inakurudishia arei nzima kama ilivyo, every, ile ya kuuliza kama vyote vinafaa, inasema true hata iweje. Na kuweka await mbele ya find hakubadilishi chochote, maana find ilishajibu kitambo.

Kuna wanaojitetea eti "mimi natumia TypeScript". Pole. TypeScript ni JavaScript yenye kukagua taipu, ila taipu za find na filter zinakubali kijaribio (ile fanksheni unayozipa) kirudishe unknown, yaani chochote, kwahiyo Promise inapita hapo kompaila imekaa kimya.

Mimi kwa kutafuta kitu kimoja naanza na lupu ya kawaida:

for (const j of majina) {
  if (await likoWazi(j)) return j;
}

Watu wanaidharau eti ni ya kizamani lakini inafuata mpangilio na ikipata inaacha, databesi haisumbuliwi bure. Ubaya wake ni foleni, kila swali likichukua milisekunde 200 na una majina 50 na yote yamechukuliwa, hizo ni sekunde 10 mtu anaangalia kiduara kinazunguka. Hapo, au kama unataka kuchuja arei yote, ita Promise.all, inayosubiri maswali yote kwa pamoja, kwanza upate majibu, halafu ndo uchuje kwa indeksi:

const majibu = await Promise.all(majina.map(likoWazi));
const wazi = majina.filter((_, i) => majibu[i]);

Majibu yanakuja kwa mpangilio uleule wa arei hata kama la mwisho limewahi kumaliza. Ila swali moja tu likifeli unapoteza yote, kwahiyo kama mtandao wako ni wa kubahatisha tumia Promise.allSettled, inayokupa matokeo ya yote hata yaliyofeli, na arei ikiwa ya maelfu igawe vipande vipande, usiirushie seva maswali yote kwa mpigo.

Promise.any ya 2021 watu wanaisifia sana kwa kazi hii, mimi hapana. Inachukua aliyewahi kujibu, na false nayo kwake ni jibu halali, labda uirushe kama erori. Kutafuta seva yoyote iliyo hai, sawa. Kwa majina yenye mpangilio, achana nayo.

Na kwenye testi hakikisha kitu cha kwanza kwenye arei ndo kinafeli, cha tatu ndo kinafaa. Ile laini ya juu kabisa itaanguka hapohapo.