Printa imeondolewa, lakini kompyuta haijaisahau

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma. Printa yangu ilianza kutoa herufi zisizosomeka, nikaamua kuiondoa programu yake ili niisakinishe upya. Ilipogoma kuondoka, niliingia kwenye Program Files nikaifuta folda yake kwa mkono. Sasa jina lake bado limo kwenye orodha ya programu. Nikitaka kuiondoa naambiwa faili haionekani, na nikisakinisha upya naambiwa tayari ipo. Ninatumia Windows 10. Je, nifute kompyuta nzima nianze upya?

JIBU: Hapana, ndugu yangu; kazi za wateja wako zimo humo, na tatizo lenyewe ni dogo kuliko dawa unayoifikiria.

Ulipoifuta ile folda, uliifuta pamoja na faili inayofanya kazi ya kuiondoa programu, huku kumbukumbu zake zikibaki kwenye rejista ya Windows (daftari la mipangilio ya mfumo), kwenye folda zilizofichwa za ProgramData na AppData, na kwenye ghala la draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuwasiliana na vifaa kama printa. Ndiyo maana kompyuta inadai kitu kipo, na papo hapo inasema haikioni. Kabla ya kugusa chochote kingine, pakua kisakinishi kutoka tovuti ya mtengenezaji wa printa na ukihifadhi kwenye flashi, maana bando likiisha katikati ya kazi utabaki huna printa kabisa. Kisha jaribu kusakinisha toleo lilelile la zamani juu ya mabaki hayo, ukichagua kurekebisha endapo utapewa nafasi hiyo; likikubali, faili ya kuondolea itarudi, nawe utaiondoa programu kwa njia yake halali. Likikataa, Microsoft inatoa bure kifaa cha kutatua matatizo ya kusakinisha na kuondoa programu, ambacho hurekebisha rejista iliyoharibika. Usiingie kwenye rejista kufuta kila lenye jina linalofanana, wala usiifute folda ya C:\Windows\Installer kwa kudhani ni takataka, kwa kuwa programu nyingine nyingi huitegemea zinapoondolewa.

Draiva ndiyo sugu zaidi. Chomoa waya wa USB, ondoa printa kwenye mipangilio, kisha fungua services.msc (orodha ya huduma za Windows) na usimamishe huduma ya Print Spooler, ambayo hupanga foleni ya kuchapa. Futa yaliyomo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS (yaliyomo tu, si folda yenyewe), kisha iwashe tena huduma hiyo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika printui /s /t2, na kwenye orodha itakayofunguka chagua draiva ya printa yako, uiondoe pamoja na kifurushi chake. Ukiambiwa kwamba inatumika, zima na uwashe Print Spooler, kisha rudia mara moja kabla foleni haijaishika tena.

Baada ya hapo chagua Restart. Wengi huzima kompyuta na kuiwasha, wakiamini ni jambo lilelile, ilhali tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna mpangilio wa kuwasha kwa haraka unaohifadhi hali ya kiini cha mfumo wakati wa kuzima, hivyo draiva uliyoikimbia asubuhi huweza kukusubiri mchana. Restart haihifadhi kitu.

Sakinisha sasa, na uchomeke waya wa USB pale tu kisakinishi kitakapokuagiza, la sivyo Windows huenda ikajiwekea draiva yake yenyewe. Herufi zikiendelea kutosomeka, ichapishe printa karatasi ya majaribio kwa vitufe vyake bila kompyuta: karatasi ikitoka safi, badilisha waya wa USB, ikitoka vibaya, mwite fundi wa printa, kwani kwenye kompyuta hakuna kilichobaki cha kurekebisha.