Usikariri jina la kipokezi, uliza kinafanya kazi na nani

Mwaka wangu wa pili wa udaktari hapa Bukavu, profesa aliniuliza kwenye mtihani wa mdomo: panya asiye na nuropilini-1 (kipokezi, yaani protini ya juu ya seli inayopokea ujumbe) hufia tumboni mwa mama yake, kwa nini? Nikajibu upesi, neva. Jina lenyewe si ndivyo linavyosema? Akauliza, "Na mishipa ya damu?" Nikakodoa macho. Siku hiyo nilirudi Kadutu kwa miguu, na pesa ya moto, yaani teksi ya pikipiki, nilikuwa nayo mfukoni.

Usiku umeme haukuwepo. Mdogo wangu, anayeita abiria wa mabasi madogo pale Nyawera, akaniuliza mbona nimenuna. Nikachukua kipande cha makaa, nikachora barazani. Hii seli. Hiki kipokezi kimesimama nje yake, na mkia wake wa ndani ni mfupi, hauna injini. Akacheka: "Kaka, huyo si mimi? Namshika abiria, dereva ndiye anaendesha."

Nota za Kifaransa zilikuwa hazijanieleza vizuri hivyo. Ikija semaforini 3A, protini inayoelekeza neva, nuropilini huishika na dereva ni pleksini, kipokezi kingine: ncha ya neva inayokua hugeuza njia. Ikija VEGF165, protini inayochochea mishipa ya damu kukua, dereva ni kipokezi kiitwacho VEGFR2, na mishipa ya damu huchipua. Mwitaji ni yuleyule, mabasi mawili. Ukimwondoa, neva zinapotea njia na mishipa mikubwa iliyo karibu na moyo inajengeka vibaya.

Jina ndilo lilinidanganya. Wajapani wa kikundi cha Hajime Fujisawa walikikuta kwanza kwenye ubongo wa viluwiluwi, kwa hiyo kikabatizwa kwa neva. Habari ya semaforini ilitoka 1997, ya VEGF165 mwaka 1998, jina likiwa limeshazoeleka. Basi wadogo zangu mnaoanza, jina liacheni mwisho. Ulizeni nini kinakishika kwa nje, kisha nani anapeleka ujumbe ndani. Na mweleze mtu ambaye hajasoma biolojia, kwa Kiswahili cha nyumbani. Pale mnapokwama ndipo hamjaelewa.

Kwenye kikao cha pili, yaani mtihani wa marudio, nilichora basi ubaoni. Profesa alicheka, akanipa 12 kwa 20. Mama hakucheka: nilisugua baraza lile siku mbili, na mkia wa kipokezi bado unaonekana karibu na mlango.