Mwinjilisti wetu amebakiza kola tu

Mmeuliza: "Wachungaji hawatoshi. Tupeleke vijana wengi zaidi vyuoni, au ipo njia nyingine?"

Mimi ni mzee wa kanisa katika mtaa mmoja (tawi la usharika) wa Kilutheri, Nyanda za Juu Kusini. Usharika wetu una mitaa 7, mchungaji 1 na pikipiki 1. Masika ikikolea barabara yetu haipitiki, na tumewahi kukaa tangu Kwaresima hadi Pentekoste bila Meza ya Bwana. Watoto wa kubatizwa hungojana mpaka wengine wanafika mbele kwa miguu yao. Mwaka jana mmoja alimtoroka mchungaji, tukamkamatia mlangoni.

Lakini kila Jumapili kengele inalia. Anayeipiga ni mwinjilisti, na ndiye huyohuyo anayehubiri, anayefundisha kipaimara, anayekesha kwa wafiwa na kuzika, anayeitwa usiku ndugu wakigombea mpaka wa shamba. Ana miaka 19 katika kazi hiyo, kwa posho inayotegemea mnada wa mahindi na kuku baada ya ibada. Asichoruhusiwa ni sakramenti, yaani kubatiza na kuongoza Meza ya Bwana.

Basi msomesheni huyo.

Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na tena Vita ya Pili ilipozuka, sharika nyingi zilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wenyeji, na kanisa halikufa. Chuo cha theolojia cha Kilutheri kilianza baadaye, 1947, kule Lwandai, Lushoto, kikahamia Makumira, karibu na Arusha, 1954. Sikibezi. Kimetoa wachungaji wengi, na tangu 1991 akina mama nao wanabarikiwa kuwa wachungaji. Ila sisi mtaani tumechangia magunia kuwasomesha vijana wetu wawili, mmoja leo yuko ofisi ya miradi mjini, mwingine anafundisha sekondari. Siwalaumu, wana watoto wa kulisha. Lakini magunia yale hayakutuletea mchungaji.

Mke wangu, ambaye ni mwalimu mstaafu, hakubaliani nami. Anasema theolojia haina njia ya mkato, na kwamba hawa wanaouza mafuta ya upako stendi ni matunda ya watu kujipa uchungaji baada ya semina ya siku tatu. Kweli kabisa. Ndiyo maana siombi semina. Mwinjilisti aende chuoni wiki sita kila mwaka baada ya mavuno, arudi na vitabu na kazi za kuandika, mchungaji wa usharika amsimamie, na mwisho wa miaka minne au mitano afanye mtihani usiolegezwa. Huku nyumbani anaendelea kuzika na kufundisha, kwa hiyo alichosoma Agosti anakijaribu Septemba. Ungamo la Augsburg la 1530, hati ya imani yetu Walutheri, kifungu cha 14, linataka anayehudumu sakramenti awe ameitwa ipasavyo. Digrii halikuitaja.

Kinachotukwamisha ni cheti. Mwinjilisti wetu aliishia darasa la saba, na barua yake ya maombi ilirudishwa kwa sababu hiyo na kwa umri. Aliisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Hajaitaja tena.

Mchungaji ameahidi kuja Jumapili ya tatu ya mwezi ujao, mvua ikiruhusu. Mwinjilisti ameshaandikisha watoto 11.