Orodha kwanza, pesa baadaye: jibu kwa afisa anayeandaa mpango wa dharura wa manispaa

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii katika manispaa moja ya Kanda ya Ziwa, Tanzania. Tunaandaa mpango wa dharura wa mlipuko wa magonjwa, na mimi nimekabidhiwa sehemu ya watoto, vijana na kaya. Nimesoma kwamba wakati wa UVIKO-19 kila mwanafunzi wa shule za umma za New York alipata pesa ya chakula bila mzazi kujaza fomu, na kwamba Chicago ililipia familia intaneti. Walijuaje nani apewe? Pesa ilipita njia gani? Vijana je, walifanyiwa nini? Nataka kujua kipi kinaweza kuingia kwenye mpango wetu kikatekelezeka.

Jibu: Marahaba mwanangu. Nimefurahi kwamba unauliza sasa, shule zikiwa wazi. Mengi nitakayokueleza hayafanyiki tena shule zikishafungwa.

Nianze na New York, maana hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Pesa ile haikutoka kwenye bajeti ya jiji. Machi 18, 2020 Marekani ilipata sheria ya dharura iliyoanzisha, pamoja na mambo mengine, mpango ulioitwa P-EBT: mtoto aliyestahili kula shuleni bure au kwa bei nafuu, na shule yake imefungwa, apewe thamani ya milo hiyo kwenye kadi ya kununulia chakula. Hesabu ya mwanzo ilikuwa dola 5.70 kwa siku ya masomo. Serikali ya jimbo ndiyo iliyoendesha malipo. Mchango mkubwa wa jiji ulikuwa orodha ya wanafunzi.

Sasa, kwa nini wote walipata, mtoto wa daktari na mtoto wa mfagizi? Jibu liko miaka kadhaa nyuma. Sheria ya lishe ya shule ya mwaka 2010 iliruhusu shule zenye wanafunzi wengi maskini kulisha watoto wote bila kukusanya fomu za kipato. Serikali hulinganisha majina ya wanafunzi na majina yaliyomo tayari kwenye daftari za misaada mingine. Wakati ule, waliotambuliwa kwa njia hiyo wakifika asilimia 40, shule iliweza kuomba kulisha wote. New York ilitumia mlango huo, na kuanzia Septemba 2017 chakula cha mchana kikawa bure katika shule zake zote za umma. Kwa hiyo shule zilipofungwa Machi 16, 2020, wanafunzi takriban milioni 1.1 walikuwa wamekwisha kuhesabiwa kuwa wanastahili. Kila mmoja aliidhinishiwa dola 420 kwa mwaka ule wa masomo. Haikuulizwa kipato cha mzazi wala hati ya uhamiaji.

Njia ya malipo ilifuata mantiki ileile. Kaya iliyokuwa na kadi ya msaada wa chakula iliongezewa pesa kwenye kadi hiyo hiyo. Iliyokuwa kwenye bima ya afya ya serikali ilitumia kadi yake ya mafao. Zilizobaki zilitumiwa kadi mpya kwa posta. Hili kundi la tatu ndilo ninalotaka ulitazame kwa makini, kwa sababu lilitegemea anwani iliyoandikwa shuleni. Mtoto aliyehamia kwa bibi, au aliyelala kwenye makazi ya muda ya wasio na nyumba, kadi yake ilikuwa na kila sababu ya kufika mlango usio wake. Mfumo uliokuwa na taarifa mpya ulilipa haraka. Uliokuwa na taarifa za zamani ulimchelewesha mtoto yule yule aliyehitaji zaidi.

Jiji lilifanya jambo jingine ambalo kwa maoni yangu lilikuwa la busara kuliko hata pesa. Jikoni za shule hazikuzimwa. Lilifungua vituo zaidi ya 400 vya kugawa milo mitatu kwa siku, mtu anachukua na kuondoka. Mwanzoni vililenga watoto, na mapema Aprili vikafunguliwa kwa mtu yeyote, mtu mzima naye, bila kujiandikisha na bila kitambulisho. Baadhi ya vituo vilitoa chakula halali. Kila orodha ina watu inaowaacha nje: mtoto asiye shuleni, kijana aliyetoroka nyumbani, mzee anayelea wajukuu ambao hajawaandikisha popote. Kwenye mlango ulio wazi hao wote hupita. Pesa ikienda kwa orodha na chakula kikagawiwa bila orodha, upungufu wa njia moja hufunikwa na nyingine.

Chicago sasa. Juni 25, 2020 jiji na shule zake za umma zilitangaza Chicago Connected, mpango wa miaka minne wa kulipia intaneti ya nyumbani, ukilenga takriban wanafunzi 100,000. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 50. Sehemu kubwa ya miaka ya mwanzo ilitoka kwa wafadhili, jiji likaweka sehemu kutoka fedha za dharura za serikali kuu, na miaka ya mwisho ikaachiwa bajeti ya shule. Familia hazikupewa pesa ya kununua bando. Shule ziliingia mkataba na kampuni za intaneti, zikachagua kaya kwa vigezo vilivyokuwa tayari kwenye rekodi zake, kama kustahili chakula cha bure, kisha kila kaya ikatumiwa namba yake maalumu. Mzazi anapiga simu kwenye kampuni, anataja namba hiyo, anaunganishwa, na ankara inakwenda kwa shule. Deni la zamani halikumzuia mtu kuunganishwa. Hapo walionyesha kwamba wanawajua watu wao, kwa sababu asiye na intaneti mara nyingi ni yule aliyekatiwa kwa kushindwa kulipa.

Pamoja na hayo yote, mwaka wa kwanza ulipomalizika walikuwa wamefikia wanafunzi zaidi ya 60,000, chini sana ya 100,000. Huduma ilikuwa bure na namba zilikuwa zimetumwa, ila barua hazikufunguliwa, na simu za namba ngeni hazikupokelewa. Wapo waliodhani kampuni inawavuta bure leo ili iwadai kesho. Mashirika ya mitaani zaidi ya 30 yaliingizwa kwenye mpango ili kuwapigia wazazi kwa lugha zao na kuwaelekeza hatua kwa hatua. Gharama ya watu hao iweke kwenye bajeti yako tangu mwanzo.

New York yenyewe ilichagua njia nyingine ya mtandao: iliagiza maelfu kwa maelfu ya kompyuta bapa zenye laini ya simu ndani, ili mtoto asihitaji intaneti ya nyumbani. Ni wazo zuri, mpaka kifaa kifike ndani ya jengo ambalo mawimbi hayapenyi. Katika makazi ya familia zisizo na nyumba, watoto walikaa na vifaa visivyoshika mtandao. Novemba 2020 wanasheria wa msaada wa kisheria walilishtaki jiji, na Aprili 2021 likakubali kufunga intaneti isiyo na waya katika makazi yote ya familia ifikapo mwisho wa Agosti. Mwaka mzima wa masomo ulikuwa umepita. Ukinunua vifaa, mtu aende vinakotumika akajaribu mtandao chumbani, kabla mkataba haujasainiwa.

Kuhusu vijana, habari haifurahishi sana. New York ina mpango wa ajira za kiangazi ulioanza mwaka 1963, wa vijana wa miaka 14 hadi 24. Mwaka 2019 ulipokea vijana wapatao 75,000. Tunajua thamani yake, kwa sababu nafasi hutolewa kwa bahati nasibu, hivyo watafiti waliweza kulinganisha waliopata na waliokosa: waliopata walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kufungwa jela, na hata wa kufa mapema. Aprili 2020 jiji liliufuta ili kubana matumizi. Vijana na mashirika yao wakapaza sauti, na bajeti ya mwisho wa Juni ikarudisha nafasi 35,000, nyingi zikiwa za kufanywa kwa mtandao, kiangazi kikiwa kimeshaanza. Fedha ya vijana ilikatwa kwa sababu hakuna andiko lililosema isikatwe.

Kwa mfano wa karibu yetu zaidi, tazama Kenya. Kazi Mtaani ya mwaka 2020 ilikuwa ya serikali kuu, si ya kaunti, lakini ilifanyika katika mitaa inayofanana na yako: vijana kufagia, kuzibua mitaro na kujenga vyoo, kwa zamu, awamu ya pili shilingi 455 za Kenya kwa siku, malipo kwa simu. Awamu hiyo iliandikisha zaidi ya vijana 280,000. Malalamiko yaliyosikika mara kwa mara yalikuwa malipo kuchelewa na majina kuingizwa kwa kujuana. Yote mawili ni matatizo ya daftari, na daftari linatengenezwa kabla ya janga.

Tuje kwenye mpango wako.

Kwenye vijana, usiandike kwamba mtatumia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani. Nimeona rasimu nyingi zinafanya hivyo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 fedha hiyo ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake (asilimia nne), vijana (nne) na watu wenye ulemavu (mbili). Si ruzuku ya dharura, na kumkopesha kijana ambaye soko lake limefungwa ni kumwongezea mzigo. Linalowezekana ni kuandaa mapema pendekezo la kusogeza marejesho kwa vikundi vilivyokwisha kukopa, na kulipeleka TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia halmashauri, liridhiwe kabla hamjalihitaji. Kwa ajira za muda, tengeni kifungu chake chenyewe, hata kikiwa kidogo, na muorodheshe kazi ambazo mlipuko huzizalisha: kunawisha mikono stendi na sokoni, kupeleka chakula, kuwapigia wazazi simu kama walivyofanya Chicago.

Kwenye orodha una bahati ambayo hujaiona. Wanafunzi wenu wana namba za PREM, yaani namba ya utambulisho ya kila mwanafunzi. Kaya maskini zimo kwenye daftari la TASAF, mfuko wa serikali wa kuzisaidia kaya hizo. Malipo ya simu yako kila mtaa. Kinachokosekana ni kuviunganisha: namba ya mwanafunzi, jina la mlezi anayelala naye nyumba moja, namba ya simu ya mlezi huyo, na jina lililosajiliwa kwenye laini. Hilo la mwisho usilidharau. Shuleni ameandikwa mama, laini imesajiliwa kwa jina la shemeji. Siku ya malipo majina hayalingani na pesa inakwama. Kila muhula walimu wahakiki, kisha mtume ujumbe mmoja wa majaribio. Namba zisizopokea ndizo za kufuatiliwa na mtendaji wa mtaa.

Fanyeni hivyo kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu. Msikabidhi kampuni ya simu majina ya watoto. Mtindo wa namba maalumu unawasaidia hapa: kampuni inaona namba, ninyi mnabaki na majina.

Kwenye chakula kuna tofauti kubwa ambayo lazima uieleze wazi kwenye kikao. Wapishi wa New York walikuwa kwenye orodha ya mishahara ya jiji, hivyo shule ilipofungwa jiko liliendelea. Katika shule zetu nyingi mpishi na mahindi hutegemea michango ya wazazi. Shule zilipofungwa Machi 17, 2020, michango iliishia hapo, hadi zilipofunguliwa Juni 29 mwaka huo. Kama mnataka jiko la shule liwe kituo cha mtaa wakati wa mlipuko, andikeni nani atamlipa mpishi kuanzia siku ya kwanza, nani atatoa kuni au gesi, na mzabuni gani ataleta unga kwa bei iliyokubaliwa sasa. Chagueni jikoni chache zenye maji ya uhakika, kata kwa kata, badala ya kuahidi zote. Na wekeni sentensi inayosema chakula hicho hakihitaji kitambulisho. Bila sentensi hiyo mtu wa getini atakiomba tu, hata kama nia yake ni njema.

Halafu andiko lote lipitie kamati ya usimamizi wa maafa ya wilaya, ambayo ipo kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, ili siku ya dharura usianze kutafuta saini. Kabla ya kikao hicho chukua shule mbili, moja ya katikati ya mji na moja ya pembezoni ufukweni ambako familia huhama na msimu wa dagaa, upige simu kwa walezi wa darasa moja kila shule, uhesabu wangapi wanapatikana. Peleka hesabu hiyo kwenye kikao pamoja na rasimu, maana madiwani watakuuliza uhakiki utagharimu kiasi gani, na hapo utakuwa na cha kuwaonyesha.