Chamberlain: kutoka darasani hadi ujenerali
Ndugu uliyeuliza kama Jenerali Joshua Chamberlain alisomea jeshi: hapana, alikuwa mwalimu wa Chuo cha Bowdoin, jimbo la Maine, akajiunga na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani mwaka 1862, upande wa Kaskazini dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Sifa yake kubwa ni pigano la Gettysburg, jimbo la Pennsylvania, 2 Julai 1863. Pale kilimani Little Round Top risasi zilikuwa zinawaishia vijana wake, akaamuru wafunge singe (visu vya kwenye mtutu wa bunduki) na kuteremka mbio kumvamia adui. Nishani ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya kijeshi Marekani, kwa ushujaa huo aliipata 1893, miaka 30 baadaye, na kwangu huko ni kumchelewesha mno! Kwenye mapigano ya Petersburg, jimbo la Virginia, 1864, risasi ilimpenya nyonga zote mbili. Jenerali Grant, mkuu wa majeshi ya Kaskazini, akampandisha kuwa brigedia jenerali, watu wakiamini anakufa. Akapona, akawa gavana wa Maine vipindi vinne. Jeraha lile lilimtesa mpaka kifo chake, 1914.